PAUL DUVIGNEAUD, MTU ALIYESOMA MAJANI YA VILIMA VYETU

Safari hii tunataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Bulaya. Wanaosoma mimea wanalijua jina lake, lakini wengi wetu hatujui alifanya nini hapa kwetu Katanga.

Paul Duvigneaud alizaliwa Ubelgiji mwaka 1913, akakuwa profesa wa botanika kule Bruxelles. Mwanzoni alipenda vitu vidogo ambavyo sisi tunapita bila kuangalia: yale majani mafupi laini yenye kushika ngozi ya miti, na yale magamba yenye kufanana na kutu. Mwaka 1942 alitoa masomo yake juu ya mimea hiyo. Haioti ovyo. Inakaa kwa makundi, na kila kundi linaonyesha hali ya mahali. Hali ikibadilika, kundi nalo linabadilika.

Kisha alikuja Katanga. Hapa sisi wote tumeona: pori ya miombo inafika kwa kilima cha shaba, halafu miti inakatika. Juu kunabaki majani na maua tu. Juu ya nini? Juu shaba nyingi ni sumu kwa miti. Duvigneaud na mwenzake, bibi Simone Denaeyer-De Smet, walichunguza vilima hivyo, wakatoa kazi yao kubwa mwaka 1963. Lakini tuseme kweli: mafundi wetu wa misalaba ya shaba walichimba vilima hivyo miaka mingi sana mbele yake.

Kuna ua moja dogo linaitwa Haumaniastrum katangense. Linaota hata pale wazee walipoyeyusha shaba zamani. Moto umezimika, kijiji kimepotea, lakini ua liko. Wachimbaji wa mambo ya kale walilifuata, wakapata tanuru za wazee. Njo maana tunasema majani yanakumbuka kupita watu.

Na mambo ya karibu pia yanaandikwa. Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911. Upepo ulipeleka moshi upande wa Penga Penga. Miti ikakufa, udongo ukabaki uchi, kisha majani yenye kuvumilia shaba yakaanza kuota pale. Mwenye kujua kusoma majani hana lazima ya kuuliza ni nini ilipita.

Duvigneaud alikufa mwaka 1991. Vilima vingi vya shaba vimechimbwa, na mimea yao mingine haioti popote pengine duniani. Hatusemi migodi ifungwe. Wengi wetu tunalipiwa masomo na mkate wa mgodi. Lakini Mungu alimpa Adamu bustani ailime na kuilinda, yote mawili. Kilima kikipotea mbele ya kusomwa, hata mtoto wetu hataweza kukisoma.

Basi, wandugu wa biolojia, siku tutakayopanda kilima pamoja, tusikimbilie mawe ya kijani peke yake. Tuiname kwanza, tuangalie majani, tuandike majina yake.