Khabbab bin Al-Aratt, Mfua Panga wa Makka

Khabbab bin Al-Aratt, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, asili yake kwa kauli ya wengi ni katika Bani Tamim. Alitekwa katika mashambulio ya Waarabu wa zama za ujahili, akapelekwa Makka akauzwa, akanunuliwa na mwanamke wa Khuzaa jina lake Umm Anmar. Kazi yake katika mji ule ilikuwa uhunzi, na khasa kufua panga.

Makureshi walikuwa watu wa biashara. Fahari yao ilikuwa ngamia, na misafara ya Shamu na Yemen, na nasaba za baba zao. Kazi ya mikono waliidharau, hata neno lenyewe la mhunzi kwa lugha yao lilikuwa karibu na tusi, wakawaachia watumwa na wageni. Lakini panga walizitaka sana, wala hapana sharifu wa Makka aliyekwenda barazani au vitani bila ya upanga. Basi mtu asiyekuwa na jamaa wala ukoo wa kumtetea ndiye aliyekuwa akikaa mbele ya moto kuwafulia zile silaha ambazo kwazo walijiona kuwa waungwana.

Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopewa utume mwaka 610, Khabbab alikuwa katika watu wa mwanzo kabisa kumsadiki; wako wanaomhesabu kuwa ni wa sita. Wala hakuficha. Wengine katika wale wa mwanzo walikuwa na ami zao na kabila zao za kuwakinga, naye hakuwa na mtu. Umm Anmar alipojua, akawa akichukua chuma kilichowiva motoni na kumwekea kichwani. Moto ule ule uliokuwa chumo lake ukawa ndio adhabu yake. Makureshi nao wakamwashia makaa wakamlaza chali juu yake, na makaa hayo hayakuzimika ila kwa mafuta ya mgongo wake. Yasimuliwa kuwa Umm Anmar baadaye alipatwa na maradhi ya kichwa makali, hata akawa akilia kama mbwa, akaambiwa dawa yake ni kuchomwa kwa moto. Na aliyekuwa akishika chuma kumchoma alikuwa Khabbab. Mwenye kutaka kulipa kisasi hapati siku kama hiyo mara mbili, lakini kisa hakisemi kuwa alizidisha kitu.

Siku moja, mateso yalipokuwa yamewazidi, alimwendea Mtume naye ameegemea nguo yake katika kivuli cha Al-Kaaba, akamwomba awaombee nusura. Mtume akamkumbusha waliotangulia, kwamba mtu wao alikuwa akipasuliwa kwa msumeno toka kichwani na kuchanwa nyama kwa vichana vya chuma, na hayo yasimtoe katika dini yake. Kisha akampa bishara kuwa jambo hili litatimia hata msafiri atoke Sanaa afike Hadhramaut asiogope ila Mungu, na mbwa-mwitu kwa kondoo zake. Lakini wao wana haraka. Watu wa pwani, ambao wengi wao babu zao walitoka Hadhramaut, wanaijua njia ile na hatari zake, na wanaweza kupima uzito wa ahadi hiyo ilipotolewa kwa mtumwa mwenye mgongo ulioungua.

Katika siku hizo ndipo kilipotokea kisa cha deni. Al-As bin Wail, mkubwa katika wakubwa wa Makureshi na baba yake Amr bin Al-As, alikuwa amefuliwa panga na Khabbab asimlipe. Khabbab akaenda kudai haki yake. Al-As akamwambia kuwa hatamlipa hata amkufuru Muhammad. Mwenye kujua hali ya fundi masikini atafahamu jambo lile lilikuwa zito kadiri gani: makaa yameteketea, chuma kimekwisha, jasho limekwisha mwagika, na upanga uko kiunoni mwa tajiri. Neno moja la ulimi lingalimrejeshea mali yake. Khabbab akamjibu kuwa hatamkufuru Muhammad hata Al-As mwenyewe afe kisha afufuliwe. Al-As akacheka, akasema kuwa ikiwa yeye atafufuliwa, basi huko atakuwa na mali na watoto, na amngoje atamlipa huko huko. Mwenyezi Mungu akateremsha katika Sura ya Maryam, tangu aya ya 77 hata ya 80, aya za kumkemea mtu yule. Hivyo dai la mfua panga limo katika Kurani, lasomwa misikitini hata leo. Hakuna khabari iliyopokewa kuwa deni lenyewe lililipwa.

Khabbab pia alikuwa mwalimu. Alikuwa akenda kwa siri nyumbani kwa Said bin Zaid na mkewe Fatima binti Al-Khattab kuwasomesha Kurani, na siku Umar alipoingia kwa hasira, upanga mkononi, walikuwa katika Sura ya Ta-Ha. Khabbab akajificha chumbani. Umar alipokwisha kuisoma karatasi na moyo wake kulainika, Khabbab akatoka, akamwambia kuwa anataraji yeye ndiye aliyeombewa na Mtume, akamwonyesha nyumba alimo Mtume karibu na Safa. Miaka mingi baadaye, Umar akiwa Khalifa, alimkalisha mahali pa heshima akamwuliza aliyoyapata kwa washirikina. Khabbab akafunua mgongo wake, na Umar akastaajabu kwa aliyoyaona.

Alihama kwenda Madina mwaka 622, akahudhuria Badr na Uhud na vita vyote vilivyofuata pamoja na Mtume. Huko Madina alikuwa na mke na watoto, na chakula chao kilikuwa haba. Binti yake amehadithia kuwa baba yao alipotolewa katika jeshi, Mtume alikuwa akija kuwaangalia, akiwakamia mbuzi wao katika bakuli lao kubwa hata maziwa yakajaa na kumwagika. Khabbab aliporudi safari akamkama mwenyewe, na maziwa yakarejea kuwa kama yalivyokuwa kwanza. Mkewe akamwambia kuwa amewaharibia mbuzi wao! Mwanamume aliyestahimili makaa ya Makka alirudi vitani akalaumiwa na mkewe kwa ajili ya mbuzi, na binti yao hakuona aibu kuyahadithia, wala wapokezi hawakuona aibu kuyaandika.

Baada ya kufunguliwa Iraki alikaa Kufa, mji uliojengwa mwaka 17 wa Hijra (638). Watu walikuwa wakimwendea kuuliza mambo ya Mtume. Waliwahi kumwuliza walijuaje kuwa Mtume alikuwa akisoma katika sala ya adhuhuri na alasiri na hali sauti haisikiki, akawajibu kuwa ni kwa kutikisika ndevu zake. Waliomtembelea walimkuta mara moja akijenga ukuta wa nyumba yake kwa mikono yake. Hata hapo aliwaambia kuwa Muislamu hupata thawabu kwa kila akitoacho, ila akiwekacho katika udongo huu. Lakini ukuta aliendelea nao, kwani nyumba haina budi kuwa na ukuta.

Mali ilimjia uzeeni, na ikamtisha. Alisema kuwa zamani akiwa na Mtume hakuwa na dirhamu moja, na sasa pembeni mwa nyumba yake ziko 40,000. Alikhofu kuwa malipo yake amekwisha pewa duniani. Maradhi yalimshika tumboni, akachomwa kwa chuma mara saba, naye akasema lau Mtume hakukataza kuomba mauti, angaliyaomba. Alipoletewa sanda yake akaitazama, akalia. Alimkumbuka Hamza, ambaye hakupata sanda ila nguo fupi. Alimkumbuka na Musab bin Umair, aliyeuawa Uhud mwaka 625 akaacha nguo moja: wakimfunika kichwa miguu hutoka, wakifunika miguu kichwa hutoka, hata Mtume akaamuru kichwa kifunikwe na miguu iwekewe majani ya idhkhiri.

Alifariki Kufa mwaka 37 wa Hijra (657). Watu wa Kufa walikuwa wakizika maiti zao penye nyumba zao, naye akausia azikwe nje ya mji. Watu wakamfuata, pakawa makaburi. Ali bin Abi Talib aliporudi Siffin akapita pale, akamwombea rehema, akamtaja kuwa alisilimu kwa mapenzi, akahama kwa utiifu, akaishi katika jihadi, akapata mitihani ya mwili.

Mwanawe Abdullah hakukaa sana baada yake. Makhawariji walimkuta njiani karibu na Nahrawan pamoja na mama wa mtoto wake mwenye mimba, wakamwuliza khabari za Ali, naye akamsifu. Wakamchinja kando ya mto, wakamwua na mwanamke yule. Ali alidai wauaji wakabidhiwe, wakajibu kuwa wote wameshiriki katika damu ile. Na vita vya Nahrawan vikapiganwa mwaka 38 (658).