Larwood: Mrushaji aliyekataa kuomba radhi, akapokelewa na mahasimu wake

MWAKA 1933 ilikuwa vigumu kumpata Mwingereza aliyechukiwa nchini Australia kuliko mchezaji wa kriketi Harold Larwood. Miaka 17 baadaye alihamia nchi hiyo hiyo na mkewe na mabinti zao watano, akaishi huko hadi kifo chake.

Larwood alizaliwa Novemba 14, 1904 katika kijiji cha Nuncargate, jimbo la Nottinghamshire, Uingereza, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka 14 naye aliingia mgodini, akiswaga farasi wadogo waliovuta makaa chini ya ardhi. Kriketi ndiyo iliyomtoa huko. Timu ya jimbo lake ilimwajiri mwaka 1923, na mwaka 1926 akaitwa timu ya taifa ya England. Hakuwa mrefu, lakini wachache waliwahi kurusha mpira kwa kasi kama yake.

Mwaka 1930 Don Bradman wa Australia aliwaadhibu Waingereza kwa mikimbio 974 katika mechi tano, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Nahodha mpya wa England, Douglas Jardine, msomi wa Oxford kutoka tabaka la juu, akatafuta dawa yake. Aliwaagiza warushaji wake kuelekeza mpira usawa wa mwili wa mpigaji badala ya kulenga vijiti anavyovilinda. Larwood ndiye aliyepewa kazi hiyo.

Dawa ilifanya kazi. Katika ziara ya Australia ya 1932 na 1933, Larwood alipata wiketi 33 na England ikashinda mechi nne kati ya tano. Lakini mjini Adelaide mpira wake ulimpiga nahodha Bill Woodfull karibu na moyo, na mwingine ukamvunja fuvu Bert Oldfield. Oldfield mwenyewe hakumlaumu, ila mashabiki walikasirika, na mzozo ukafika hadi kwa viongozi wa serikali.

Nyumbani, wakubwa wa kriketi walitaka yaishe. Jardine aliyetoa agizo aliendelea kuwa nahodha kwa muda. Larwood, mwajiriwa aliyelitekeleza, ndiye aliyetakiwa kutia saini barua ya kuomba radhi. Alikataa, kwa hoja kwamba alifuata maelekezo ya nahodha wake na hakuwa na kosa la kutubu. Hakuichezea England tena. Alibaki na jimbo lake hadi 1938, akistaafu na wiketi zaidi ya 1,400.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alifungua duka dogo la peremende mjini Blackpool. Hakuandika jina lake mlangoni, na wateja wengi hawakujua anayewapimia peremende ni nani.

Aliyemtafuta ni Jack Fingleton, mwandishi wa habari wa Australia ambaye katika ziara ile alikuwa mpigaji wa upande wa pili. Fingleton alimshawishi ahame. Mwaka 1950 familia ilipanda meli ya Orontes, ile ile iliyompeleka Larwood na wenzake Australia mwaka 1932. Ben Chifley, aliyekuwa ametoka madarakani kama waziri mkuu wa Australia, alilipa kimya kimya nusu ya gharama za hoteli walipofikia.

Mjini Sydney, Larwood alipata kazi katika kampuni ya vinywaji baridi. Waaustralia waliowahi kumzomea uwanjani sasa walikuwa majirani zake, na wapinzani wa zamani wakawa marafiki.

Uingereza ilimkumbuka kwa nishani mwaka 1993, akiwa na miaka 88 na karibu kipofu. Alifariki dunia Sydney Julai 22, 1995, akiwa na miaka 90. Barua ile hakuitia saini kamwe.