Billy Meredith: Winga aliyefungiwa, kisha akafichua siri za Manchester City

Mashabiki wanaofurika katika kumbi za video za Nyeri, Karatina na hata Gakindu kule Mukurwe-ini kila Manchester United inapovaana na Manchester City wamezoea kuuona uhasama huo kama wa majirani wawili wanaogombea mataji. Ni wachache wanaofahamu kwamba zaidi ya karne moja iliyopita, adhabu moja ya shirikisho iliwang'oa nyota wa City na kuitajirisha United. Katikati ya sakata hiyo alikuwepo mwana wa migodini kutoka Wales aliyekuwa na mazoea ya kusakata gozi huku akitafuna kijiti cha meno.

William Henry Meredith alizaliwa Julai 30, 1874, karibu na kijiji cha Chirk, kaskazini mwa Wales. Akiwa na umri wa miaka 12 tu aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe wa Black Park, kazi yake ikiwa kuwaongoza farasi wadogo waliovuta makaa chini ya ardhi. Mnamo 1894 alitwaa Kombe la Wales na timu ya kijiji chao, na mwaka huo huo akajiunga na Manchester City. Hata hivyo hakuuacha mgodi mara moja. Kwao, mpira ulikuwa mchezo, wala haukuhesabiwa kuwa kazi ya kumlisha mtu mzima.

Alikuwa winga wa kulia mwenye miguu myembamba na krosi zilizowatia mabeki kiwewe. Aprili 23, 1904, akiwa nahodha, alifunga bao la pekee City ilipoilaza Bolton Wanderers katika fainali ya Kombe la FA uwanjani Crystal Palace. Maelfu walilipa viingilio ili kumwona yeye. Lakini tangu 1901 kanuni za shirikisho zilikuwa zimeamuru kwamba mchezaji yeyote, awe hodari au wa kawaida, asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Kanuni hiyo ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata. Klabu zenye fedha ziliikwepa kwa bahasha za siri, na karibu kila aliyehusika na soka alilijua hilo.

Aprili 29, 1905, City ilizuru Aston Villa ikiwa na matumaini ya kutwaa ubingwa wa ligi. Mechi iligeuka vita, ngumi zikarushwa kati ya Sandy Turnbull wa City na Alex Leake, nahodha wa Villa, na wageni wakalala 3-2. Newcastle ikatawazwa. Shirikisho lilipochunguza vurugu hizo liligundua jambo zito zaidi: Meredith alidaiwa kumwahidi Leake pauni 10 ili Villa ilegeze kamba. Awali alikana. Mwezi Agosti alipatikana na hatia na kufungiwa msimu mzima.

Kama kweli alitoa ahadi hiyo, hapana shaka alistahili kuadhibiwa, kwani mlungula huua mchezo wenyewe. Kasoro ilikuwa kwamba rungu lilimwangukia mtu mmoja, kana kwamba mchezaji angeamka asubuhi na kununua ubingwa wa klabu nzima kwa fedha za mfukoni mwake. City nayo ikamtelekeza. Alipofika kudai malipo ya kipindi cha marufuku, alifungiwa mlango.

Hapo ndipo alipovunja kimya. Alidai kwamba wazo la kumhonga Leake lilitoka kwa Tom Maley, katibu aliyekuwa pia meneja, na akaanika jinsi klabu ilivyokuwa ikiwalipa wachezaji kupita kiwango. Si uadilifu uliomsukuma. Alizitaka pesa zake. Hata hivyo aliyoyasema kuhusu malipo yalithibitishwa vitabu vya hesabu vilipokaguliwa.

Hukumu ya mwaka 1906 ilikuwa ya kutisha. Maley na aliyekuwa mwenyekiti walipigwa marufuku bila kikomo, ingawa Maley alirejea baadaye na kuinoa Bradford Park Avenue. Klabu ilitozwa pauni 250. Wachezaji 17 walifungiwa hadi Januari 1, 1907, wakatozwa jumla ya pauni 900 na kukatazwa kuichezea City tena. Faini ya wachezaji ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya mwajiri aliyewalipa! Klabu nyingine zilizokuwa na mazoea yale yale ziliendelea na shughuli zake.

City ilibaki gofu. Katika mechi yao ya kwanza ya msimu uliofuata, kwenye joto kali, walichapwa 4-1 na Woolwich Arsenal na kumaliza wakiwa na wachezaji sita tu uwanjani. Ernest Mangnall, kiongozi wa United, ndiye aliyevuna. Alimnasa Meredith, kisha Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Siku ile ile marufuku ilipokwisha, Meredith alipiga krosi, Turnbull akafunga, na United ikaishinda Aston Villa 1-0. United ilitwaa ligi mwaka 1908 na 1911, na Kombe la FA mwaka 1909.

Desemba 2, 1907, Meredith aliongoza mkutano mjini Manchester ulioasisi chama cha kutetea wachezaji. Alikuwa ameonja uchungu wa kuhukumiwa bila wa kumsemea. Mnamo 1909 shirikisho liliwaamuru wanachama wakihame chama hicho au wafungiwe. Meredith, nahodha Charlie Roberts na wenzao wa United walikataa, wakafanya mazoezi bila mshahara hadi mapatano yalipofikiwa msimu ukikaribia kuanza.

Mizani ya shirikisho iliendelea kuyumba. Wachezaji saba walifungiwa maisha kwa kupanga matokeo ya mechi ya United na Liverpool ya Aprili 2, 1915. Meredith alicheza siku hiyo lakini hakuhusishwa. Mwaka 1919 wenzao walisamehewa, akiwemo Turnbull aliyekuwa amefia vitani Arras mwaka 1917. Enoch West, aliyekwenda mahakamani kujitetea, aliachwa kifungoni hadi 1945.

Meredith aliichezea Wales mara 48, mara ya mwisho mwaka 1920 akiwa na miaka 45 waliposhinda Uingereza. Alirudi City mwaka 1921 na kustaafu mwaka 1924 akiwa na miaka 49, baada ya nusu fainali ya Kombe la FA. Alifariki Aprili 19, 1958. Kikomo cha mshahara kilifutwa mwaka 1961. Kaburi lake jijini Manchester lilikaa bila jiwe la kumbukumbu hadi 2001, chama cha wachezaji kilipojiunga na shirikisho la Wales na klabu zote mbili kuligharamia.