Maisha ya Allidina Visram, Mwenye Maduka Mengi

Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kuweka habari za maisha ya mfanyabiashara mmoja wa zamani. Wanachama wetu wengi, wa Kitui na wa Makueni, hupata riziki yao dukani, nasi twajua jinsi maduka mengine yanavyofungwa mara mwenyewe anapozikwa. Kwa hiyo habari hizi zatuhusu sisi sote.

Mwaka 1851 Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani, aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana. Mwaka huohuo, huko Kutch katika Bara Hindi, alizaliwa Allidina Visram. Kivoi alitoka bara akaishika njia ya pwani. Allidina alitoka pwani akaishika njia ya bara.

Alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1863, naye ni mtoto wa miaka 12, asiye na mali. Akapata kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeandaa misafara ya bara. Kwa miaka mingi alijifunza kazi kwa subira, kisha akaanzisha biashara yake mwenyewe. Akapeleka nguo na chumvi bara, akanunua nta, asali na pembe, na matawi yake yakaifuata njia ya misafara hata Tabora na Ujiji.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, aliona mbali kuliko wengi. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, nao walihitaji unga, mchele, dengu na samli. Allidina alikuwa miongoni mwa waliowapelekea vyakula. Reli ikapita Kibwezi na Makindu, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Kadiri reli ilivyosonga mbele, maduka yake nayo yalisonga, hata yakaingia Uganda. Katika miaka michache matawi yalizidi 30.

Njia yake ilikuwa hii. Aliwapa vijana wa Kihindi bidhaa kwa mkopo, wakaenda kufungua maduka mahali ambapo duka halikuwako. Wao walinunua mazao ya wenyeji, wakamletea yeye, na deni likapungua. Hivyo mkulima aliuza na kununua mahali pamoja. Baadaye alijiingiza katika biashara ya pamba na viwanda, na alitoa fedha nyingi kwa kazi za hisani.

Mwaka 1916, baada ya safari ya biashara kwenda Kongo, alishikwa na homa, akafariki Mombasa. Mali yote ikamwangukia mwanawe, Abdulrasul, katika wakati mgumu. Vita vilikuwa havijaisha. Na vilipokwisha, bei za mazao zilianguka, na rupia ikaondolewa, shilingi ikashika mahali pake. Abdulrasul naye akafa mwaka 1923, na muda si mrefu biashara ile kubwa ikavunjika. Mwaka huohuo ilifunguliwa shule ya Mombasa iliyojengwa kwa ukumbusho wa baba yake. Maduka yametoweka, lakini shule ingalipo, na jina ni lile lile.

Sisi twaona kwamba bei za mazao peke yake hazikuiangusha nyumba ile. Biashara ya mkopo husimama juu ya mtu anayewajua wadeni wake mmoja mmoja: nani mwaminifu, nani wa kungojewa hadi mavuno, nani asiongezewe. Ujuzi huo hauandikwi katika wasia. Mtu akifa, huenda nao kaburini, isipokuwa amewafundisha wengine angali hai.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi twawasihi wanachama wenye maduka, awe wa Mutomo au wa Wote, wawaketishe watoto wao mbele ya daftari tangu sasa, wala wasiwafiche madeni. Tena mke wa mwenye duka ajue hesabu sawasawa na mumewe, kwani mara nyingi yeye ndiye anayebaki na ufunguo. Katika mikutano ya mwaka ujao tungefurahi kusikia ni wangapi waliofanya hivyo.