Ignatius Musaazi na Mizani ya Mkulima

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Naguru, mjini Kampala, na kutazama upande wa magharibi, huona mbele yake kilima cha Kololo, na chini yake uwanja ule ambako bendera ya Uganda ilipandishwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Oktoba, 1962. Sisi wanajeshi twaufahamu sana uwanja huo kwa sababu ya magwaride. Lakini wengi wapitao hapo kwa hatua za ukakamavu hawajui kwamba katika ardhi ya Kololo amezikwa mzee mmoja ambaye hakupata kushika bunduki, na ambaye vita vyake vilihusu mizani, magunia na bei ya pamba. Jina lake ni Ignatius Kangave Musaazi.

Hayati Musaazi alizaliwa mwaka 1905 katika nchi ya Bulemeezi, Buganda. Alipata elimu ambayo katika siku zile ni Waafrika wachache mno walioipata, hata akavuka bahari kwenda Uingereza kusomea mambo ya dini. Angeweza kuwa kasisi, akaishi kwa heshima na utulivu. Badala yake alirudi na kuingia katika shida za watu wa chini. Mwaka 1938 yeye na wenzake waliunda chama cha Wana wa Kintu, na baada ya hapo akajihusisha na madereva wa magari waliokuwa wakitafuta haki zao. Lakini kazi iliyomjengea jina ni ile aliyoifanya miongoni mwa wakulima.

Yafaa tueleze hali ilivyokuwa, kwani kijana wa leo aweza kudhani kwamba mkulima wa zamani alikosa bidii tu. Pamba ililimwa na Mwafrika, kwa jembe lake, katika shamba lake. Lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa makampuni ya Wahindi na Wazungu. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyopanga bei ya kila msimu, ikagawa nchi katika kanda, na pamba ya kanda moja haikuruhusiwa kuuzwa katika kanda nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada yake, mkulima alilipwa chini ya bei ya dunia, na tofauti ikawekwa katika mifuko ya akiba iliyosimamiwa na serikali. Wakubwa walisema kwamba fedha hizo zilikuwa kinga yake dhidi ya kuanguka kwa bei. Mkulima aliuliza mbona hakushauriwa.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Mwaka 1946 ilitunga sheria ya vyama vya ushirika. Ila sheria hiyo ilimpa Mrajisi mamlaka makubwa juu ya vyama, hata wakulima wengi wakaona kwamba kujiandikisha ni sawa na kumkabidhi mzungu ufunguo wa ghala. Hapo ndipo Musaazi alipowakusanya, mwaka 1947, katika Chama cha Wakulima Waafrika wa Uganda. Shabaha ilikuwa wazi: mkulima achambue pamba yake mwenyewe na aiuze kwa yule ampendaye.

Mwezi wa Aprili 1949 watu walikusanyika Mengo, mbele ya jumba la Kabaka Mutesa wa Pili, na kutoa madai yao. Walitaka kuchagua machifu wao, na walitaka haki ya kuchambua na kuuza pamba yao. Fujo zilizuka, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Serikali ilikipiga marufuku chama cha Musaazi pamoja na chama cha Bataka, kisha ikaunda tume chini ya Sir Donald Kingdon kuchunguza mambo hayo. Kwa maoni yangu jambo la kukumbukwa ni hili: kati ya madai ya siku ile, lile la pamba lilikuwa dai la biashara tupu, nalo lingeweza kujibiwa mezani.

Musaazi hakukata tamaa. Alipata marafiki katika Uingereza, akiwamo mbunge Fenner Brockway, kisha akaanzisha shirikisho jipya la wakulima lisilokuwa chini ya Mrajisi. Kijana mmoja wa Kimarekani, George Shepherd, alikuja kuwasaidia katika uendeshaji, na baadaye akaandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona, kilichotolewa mwaka 1955. Wakulima walichanga fedha zao na kukusanya pamba yao pamoja. Mwezi wa Machi 1952, kutokana na mtandao huohuo wa wakulima, Musaazi akishirikiana na Abubaker Mayanja alianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa kilichokusudiwa kuwa cha nchi nzima.

Mwaka huohuo alifika Gavana mpya, Sir Andrew Cohen. Huyu alikuwa mtu wa akili nyingi. Aliyaona yale ambayo waliomtangulia hawakutaka kuyaona. Sheria ya ushirika ilirekebishwa ili vyama viwe na uhuru zaidi, na ukawekwa mpango wa kuviwezesha vyama hivyo kupata viwanda vya kuchambua pamba kwa msaada wa mkopo. Tangu mwaka 1950 ilikuwapo pia Benki ya Mikopo na Akiba, iliyowekwa kwa ajili ya Waafrika wasioweza kukopa katika mabenki makubwa. Ndiyo iliyokuja kuwa Uganda Commercial Bank mwaka 1965. Na mwaka 1952 likaundwa Shirika la Maendeleo la Uganda.

Basi matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Dai la Musaazi lilikubaliwa, lakini shirikisho la Musaazi likadhoofika. Mkulima aliyeona kwamba chama kilichoandikishwa chaweza kupata kiwanda na mkopo, kwa nini abaki katika shirikisho lisilo na kiwanda? Tena tusifiche ukweli: shirikisho lenyewe lilipungukiwa fedha na watu wenye ujuzi wa kuliendesha. Ari ilikuwa nyingi, wahasibu walikuwa haba. Vyama vilivyokuja kushamiri, kama kile cha Bugisu kilichoundwa mwaka 1954 kwa ajili ya kahawa, vilipita katika mlango uliofunguliwa kwa kishindo cha watu wengine.

Wakati huohuo, hapa Naguru na Nakawa, serikali ilikuwa inajenga nyumba za wafanyakazi Waafrika. Walikaa humo Waganda, watu wa kaskazini na wengi kutoka Kenya, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kati ya majirani wa makabila mengi. Nyumba hizo zilibomolewa mwaka 1971? La, zilidumu hadi mwaka 2011. Wapangaji wake walikuwa watu wa mshahara. Lakini maduka waliyonunulia sukari na chumvi, kama karibu maduka yote ya mji, hayakuwa ya Waafrika. Uchungu huo ndio uliozaa mgomo wa mwaka 1959, wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika, ulioongozwa na Augustine Kamya na wenzake, Musaazi akiwa mmoja wao. Mgomo ule ulifunga maduka mengi ya vijijini. Haukufungua mengi mahali pake, kwani aliyetaka kufungua duka alihitaji mtaji na bidhaa za kuazima, na hivyo havipatikani kwa kugoma.

Musaazi alifariki mwaka 1990, naye akapewa heshima ya kuzikwa Kololo. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 ukiritimba wa bodi za mazao uliondolewa, na vyama vingi vya ushirika vilivyokuwa vikubwa vikaanguka. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikipeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi katika mpango wa maendeleo ya parishi, na fedha hizo hupitia katika ushirika wa akiba na mikopo wa wananchi wenyewe. Kila kaya hukopa hadi shilingi milioni moja. Daftari la ushirika huo huandikwa na wanakijiji, na wanakijiji ndio wanaoweza kulikagua.