Caspar David Friedrich na bahari isiyo na merikebu

Wengi wetu tukitazama picha ya inchi tunauliza kwanza: hapa ni wapi? Mchoraji huyu alitaka tuwe na ulizo lingine: ndani ya moyo wake mulikuwa nini?

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774 kule Greifswald, muji wa pembeni ya bahari ya Baltiki, katika Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa fundi wa sabuni na mishumaa, mutu wa Kanisa la Luther. Mama alikufa wakati mtoto alikuwa angali mdogo. Halafu mwaka 1787 ndugu yake Christoffer akazama majini. Alisoma kuchora kule Copenhagen tangu 1794, na mwaka 1798 akahamia Dresden, akabakia hapo mpaka kufa.

Sisi tunapenda kusimama mbele ya picha yake moja, ile ya mtawa pembeni ya bahari. Aliianza mwaka 1808, akaionyesha Berlin mwaka 1810. Vitu ni vichache mno: mchanga mweupe, bahari nyeusi, na mbingu ambayo inakula karibu picha yote. Mutu ni mmoja, mdogo sana, uso hauonekani vizuri. Hakuna muti, hakuna nyumba, hakuna fasi ya jicho kupumzikia. Ndiyo sababu mwenye kuitazama anasikia sawa vile yeye mwenyewe amepotea.

Kumbe mwanzoni merikebu zilikuwako! Wataalamu walioipima picha kwa mwanga ambao macho yetu hayauone waliziona chini ya rangi. Friedrich alizitia, kisha akazifuta. Tufikiri kidogo: merikebu ni watu, ni safari, ni kurudi nyumbani. Kama angeziacha, mtawa angekuwa mutu anayengojea wageni. Sasa hangojei mutu.

Wengine wanasema ni kilio cha Christoffer. Sisi hatukimbilii huko, juu kati ya kifo kile na picha kulipita zaidi ya miaka 20. Wengine wanaona mutu anayekata tamaa, wengine mutu anayeomba. Tukiangalia hewa inavyoanza kupata mwangaza kule juu, tunaelekea kwa hawa wa mwisho. Lakini mwangaza ule haumufikie yeye, na hilo pia tusilifiche.

Mfalme wa Prussia aliinunua. Mwaka 1818 Friedrich akaoa, mwaka 1835 ugonjwa wa kupooza ukamupiga, na tarehe 7 Mei 1840 akafa katika umaskini, watu wakiwa wamekwisha kumusahau. Ni maonyesho makubwa ya Berlin ya mwaka 1906 ndiyo yalimurudisha. Picha ya mtawa iko Berlin mpaka leo. Walipoisafisha, kazi iliyomalizika mwaka 2016, wale waliozoea kuihesabu picha ya giza tu wakaona mbingu ina rangi ya samawi nyingi.