Frida Kahlo: Mchoraji aliyeishi na maumivu ya nyonga kwa karibu miaka 29

Septemba 17, 1925, basi alilopanda msichana wa miaka 18 liligongana na tramu jijini Mexico City. Chuma cha kushikilia abiria kilimchoma na kupenya kwenye nyonga. Alipona, lakini maumivu hayakumwacha tena.

Huyo ndiye Frida Kahlo, leo mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi duniani.

Alizaliwa Julai 6, 1907, Coyoacán, Mexico. Akiwa na miaka 6, polio ilimwachia mguu wa kulia mwembamba, na watoto wenzake wakamtania. Hata hivyo alisoma, na ndoto yake ilikuwa udaktari.

Ajali ikaifuta ndoto hiyo. Nyonga ilivunjika sehemu tatu, uti wa mgongo sehemu tatu, mguu wa kulia sehemu 11.

Kioo juu ya kitanda

Alilazwa chali kwa miezi, amefungwa plasta. Marafiki wakaendelea na shule, yeye akabaki na dari. Mama yake akamtafutia kibao maalumu cha kuchorea akiwa amelala, na kioo kikafungwa juu ya kitanda.

Aliyemwona kila siku ni yeye mwenyewe, basi akajichora. Karibu theluthi moja ya picha zake ni za sura yake.

Mtoto asiyezaliwa

Mwaka 1929 aliolewa na mchoraji Diego Rivera. Alitamani mtoto, lakini mwili wake haukuweza kubeba mimba hadi mwisho. Mwaka 1932, akiwa Detroit, Marekani, mimba iliharibika na akalazwa hospitali.

Wakati huo jambo hilo lilizungumzwa kwa kunong'ona. Frida akalichora wazi: mwanamke kitandani, damu kwenye shuka, kichanga na mfupa wa nyonga vikiwa vimefungwa kwa utepe mwekundu.

Tabasamu la nje

Maumivu ya nyonga hayaonekani, na hapo ndipo akili inapochoka. Watu walimwona Frida na sketi ndefu za rangi, maua kichwani, akitania na kucheka. Kumbe ndani ya nguo amebanwa na koseti ya kushikilia mgongo.

Mwaka 1944 alionyesha kilichofichwa: picha yake akiwa na nguzo iliyopasuka badala ya uti wa mgongo, misumari mwili mzima, machozi mashavuni.

Kuchora kulimsaidia, ila hakukumaliza shida. Alikunywa sana pombe, akategemea dawa kali za maumivu, na kuna vipindi alikata tamaa kabisa. Agosti 1953 mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti, na sonona ikamzidi.

Alifariki Julai 13, 1954, akiwa na miaka 47.

Leo maumivu ya nyonga yanayodumu miezi 6 au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa sugu, na wataalamu hushauri mgonjwa atibiwe mwili huku akisaidiwa pia kisaikolojia. Enzi za Frida, kazi kubwa ilikuwa upasuaji na koseti. Huzuni, hofu na upweke alibaki navyo mwenyewe, akavimwaga kwenye rangi.

Nyumba yake ya Coyoacán ni makumbusho tangu 1958. Kile kioo bado kipo juu ya kitanda.